Breki Imekanyagwa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kusoma msimbo wa hitilafu, kutengeneza, kuufuta, basi. Fundi Zamfir alikuwa ameshawafanyia hivyo nusu ya wenye magari wa mji wa Bârlad, na jioni ile, jua likizama, aliteremka gerejini akimwambia mkewe Saveta, "Nakuja sasa hivi. Usiniache nikakuta supu ya baridi."

Gari lilikuwa la Doru, mwana wao wa pekee. Kesho yake ilikuwa arobaini ya Doru. Baada ya sala na kugawa ngano iliyochemshwa kwa asali, mjane wake, Ilinca, angeondoka na gari hilo kwenda mji wa Iași, maana kazi yake ilikuwa huko, na kwa ujauzito aliokuwa nao hakuweza tena kugombania mabasi. Alikuwa amelijaribu mara mbili. Mara zote mbili giaboksi iligoma kupanda gia katikati ya barabara kuu, malori yakimlilia honi mgongoni. Zamfir alikuwa ameshamzika mmoja. Hakuwa na nguvu ya kuzika mwingine.

Alichomeka mashine ya kusomea misimbo chini ya usukani. Skrini ikaandika kile kile ilichoandika wiki nzima: P0724. Kwa lugha ya watu, giaboksi inaambiwa kuwa dereva amekanyaga breki, saa zote, hata gari likiwa mbioni. Na giaboksi ya otomatiki haina ubishi. Ikiambiwa mguu uko kwenye breki, inaamini.

Swichi ya breki alikuwa ameibadilisha. Waya aliupima wote, hakuona kasoro. Basi akafanya kama afanyavyo fundi aliyekwisha kasirika: akaichomoa swichi yenyewe, akaitupa mezani.

"Haya, sema sasa," akaiambia mashine.

BREKI: IMEKANYAGWA.

Aliinama akaitazama pedali. Ilikuwa juu. Hakuna aliyeigusa.

Ndipo harufu ikamfikia... Koti la sufu lililolowa mvua. Nje kulikuwa na vumbi tupu, mvua ilikuwa haijanyesha kwa majuma. Na ndani ya harufu ile, kwa mbali, pipi za mnanaa ambazo Doru alianza kuzimung'unya alipoacha sigara.

Nywele zilimsimama.

"Doru?" alinong'ona, na papo hapo akaona haya, mtu mzima na mvi zake.

IMEACHIWA.

Halafu, taratibu...

IMEKANYAGWA.

Mlango wa ndani ulilia bawabani. Alikuwa Saveta, mikono inanata asali ya ile ngano ya arobaini. "Wewe mwanamume, supu imeganda huko! Unaongea na nani?"

"Na hiki kidude."

Saveta alifungua kinywa amjibu, harufu ikamkuta. Pua ya mama haidanganywi. Akaisoma skrini, akaiona swichi mezani, na kwa kuwa alikuwa ameishi na fundi miaka mingi, hakuhitaji kuelezwa. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Zamfir," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ulipomkuta. Ulimfungulia dirisha?"

Kwao hata mtoto anajua: mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa, roho ipate pa kupita. Nyumbani walifungua yote, wakafunika na vioo vya kujitazamia kwa mashuka. Lakini Doru hakufia nyumbani. Moyo ulimsimama akiwa ameegesha kando ya barabara, mvua inamwagika, injini inanguruma, mguu bado uko juu ya breki. Wa kwanza kumfikia alikuwa baba yake, akiwa na gari lake la kuvuta magari mabovu.

"Nijibu, mzee wangu."

"Lilikuwa wazi kidogo," alisema Zamfir. "Nadhani alilishusha apate hewa. Mvua ilikuwa inaingia kwenye swichi za mlangoni..." Akaitazama mikono yake. "Nikalipandisha, Saveta. Nililipandisha kwanza, ndipo nikamgusa mwanangu."

Ndivyo mikono yake ilivyozoea, kuokoa waya kabla ya kitu kingine. Hakuwahi kuichukia mikono yake kama alivyoichukia dakika ile.

Saveta alijifuta uso, asali ikampaka shavuni. "Hukujua. Lakini wanasema arobaini ikipita, aliyebaki amebaki. Mfungulie."

"Tungoje kidogo. Huoni amerudi?"

"Hajarudi, baba Doru. Hajaondoka. Muda wote huu mtoto amekaa na koti bichi. Mfungulie!"

Zamfir alibonyeza swichi ya dirisha. Kioo kikashuka kikikwaruza. Ubaridi ukampita sikioni.

IMEACHIWA. Ikabaki hivyo.

Saveta alijipiga ishara ya msalaba. "Nenda salama, mwanangu. Nenda, mwana wa mama." Akageukia ngazi, kilio kimemzidi. "Fungua na lango, apate njia. Mimi nakwenda kumwashia mshumaa."

Zamfir alilifuata lango la gereji, akashika komeo. Harufu ya koti lile ilikuwa imetoka garini, sasa imesimama nyuma ya shingo yake, karibu kabisa, kama Doru alivyokuwa akisimama utotoni kutazama baba anafanya nini.

Mkono ukakataa kulifungua. Mwanangu, alijisemea, usiku mmoja tu.

Alipanda juu. Saveta akamwuliza, "Ameenda?"

"Ameenda."

Kesho yake walisali, wakagawa ngano. Ilinca akaondoka na gari, gia zinapanda bila kusita, na alipofika Iași akapiga simu kushukuru. "Baba, umelitengeneza kweli!"

Sasa ni majira ya baridi, arobaini imeshapita zamani. Lango la gereji ya Zamfir liko wazi mchana na usiku, theluji inaingia hadi chini ya meza.

"Fundi, funga basi, utatugandisha!" wateja humlalamikia. "Au wataka tugeuke nyama ya barafu?"

Halifungi. Huko juu Saveta humfulia nguo za kazi, na hushangaa kwa nini hazikauki hata zikilala kando ya jiko. Zamfir hamwambii.

Kwa maana kila gari linaloingia mle, jipya kwa kuukuu, akilichomekea mashine linatoa msimbo ule ule. Likitoka kwenda barabarani, msimbo unapotea. Na siku hizi maandishi hayatulii tena. Imekanyagwa, imeachiwa. Imekanyagwa, imeachiwa. Haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani.

"Liko wazi, mwanangu," Zamfir hunong'ona, machozi yakimdondokea kwenye skrini. "Pita. Nakuomba, pita."

Imekanyagwa. Imeachiwa. Imekanyagwa...