Jina la Kwenye Tiketi

Kila jioni, Chiriku alifagia vipande vya vitambaa dukani kwa mama yake, fundi cherehani. Mtoto huyo alipewa jina la ndege huyo mwenye kelele kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Jina lake halisi alilitumia mwalimu tu, tena akiwa amekasirika.

Lakini jioni moja alikuwa kimya. Keshokutwa yeye na bibi yake wangepanda meli ya matembezi ambamo mama yake mdogo alikuwa mpishi, na ndiye aliyewalipia. Bibi alikuwa hajamwona binti yake huyo kwa miaka mingi. Macho yake yalikuwa hafifu, hivyo asingeweza kusafiri bila mjukuu wa kumshika mkono.

Tiketi zilikuwa zimefika. Ya Bibi ilikuwa sawa, lakini ya mjukuu iliandikwa "Chiriku", huku pasipoti ikiwa na jina halisi. Kosa lilikuwa lake. Mama alikuwa amemwambia anakili majina kutoka kwenye pasipoti na kumtumia mama mdogo. Yeye aliona uvivu kufungua sanduku lililotunza pasipoti, akaandika alivyozoea. Mama alipomuuliza kama amenakili, alijibu, "Ndiyo, Mama."

Kaka yake alipoiona tiketi alicheka. "Mbona rahisi? Chukua kalamu, ongeza Chiriku kwenye pasipoti. Nani atajua?"

"Nikikamatwa, na Bibi hasafiri," alijibu. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, nilikudanganya. Sikufungua sanduku."

Mama alisimamisha cherehani. Uso ulimwiva kwa hasira, lakini hakupiga kelele. "Kesho tunakwenda ofisi ya meli. Utajieleza mwenyewe."

Asubuhi, Chiriku alijieleza mbele ya karani wa tiketi bila kuficha kitu, hata ushauri wa kaka yake.

"Pasipoti ninaiona," karani alisema. "Cheti cha kuzaliwa je? Na barua ya idhini ya mzazi? Mtoto anayesafiri na bibi yake lazima awe navyo."

Barua Mama angeiandika pale pale. Cheti kilikuwa nyumbani.

"Mnafunga saa ngapi?" Chiriku aliuliza.

"Saa sita."

Alitoka mbio. Aliporudi alikuwa ametota jasho, cheti mkononi, na dirisha lilikuwa bado wazi. Karani alilinganisha majina herufi kwa herufi, akachapa tiketi mpya.

"Ungechora chochote kwenye pasipoti, ningeizuia," alisema.

Walipotoka, Mama alimshika bega. "Mwanangu, kila mtu hukosea kuandika, na kosa lako tumelirekebisha asubuhi moja. Uongo ndio uliotaka kumnyima Bibi safari. Ukikosea, sema mapema, tukiwa bado na muda wa kukusaidia."

Siku ya safari, Chiriku alimpandisha Bibi ngazi za meli polepole. Juu alisimama mwanamke aliyevaa aproni nyeupe, amenyoosha mikono. Bibi alikaza macho.

"Yule nani?"

"Ni mwanao, Bibi."

Bibi akaongeza mwendo.