Sulhu Haikufuta Hukumu

Nayef alikuwa mezani anakula mkate na viungo vya zaatari barua ilipofika. Mama yake aliipokea mlangoni kwa kigelegele, maana nyumba nzima ilikuwa ikingoja leseni yake ya uuguzi. Kituo cha kusafisha figo cha hapo mjini Karak kilikuwa kimemwekea nafasi ya kazi hadi mwisho wa mwezi wa tano. Akaifungua. Haikuwa leseni. Kamati ya leseni iliuliza kwa nini aliandika kwenye fomu kwamba hajawahi kuhukumiwa, ilhali mahakama ina hukumu yake.

Na kweli ilikuwapo. Miaka saba nyuma, Nayef alipokuwa na miaka kumi na tisa, aligombana na Mikhlid, kijana wa ukoo jirani, kwenye msafara wa harusi. Akamrushia jiwe akamvunja taya. Wazee wakaenda kuomba radhi, kahawa ya mapatano ikanywewa, watu wakakumbatiana. Mikhlid akatia sahihi kwamba amesamehe. Kwa ajili ya msamaha huo hakimu akampa Nayef kifungo cha mwezi mmoja tu, naye akakimaliza. Tangu hapo ukoo mzima ulihesabu kwamba jambo hilo limekufa na kuzikwa. Ndiyo maana Nayef aliandika "Hapana" bila kusita.

Baba yake, Mzee Farhan, alikuwa msuluhishi wa ukoo, na barua ile ilimuudhi hasa. Alisema kurudi mahakamani ni kuwatukana wazee waliopatanisha. Yaliyopita si ndwele. Yeye atazungumza na watu.

"Baba, watu ulishazungumza nao," Nayef akasema. "Sasa niache mimi nizungumze na mahakama."

Akapanda ghorofani kwa jirani yao, Mama Laith, karani wa mahakama aliyestaafu. Mama huyu aliisoma barua mara mbili, kisha akamkaripia kama mwanawe.

"Mikhlid alisamehe haki yake," akasema. "Haki ya umma si yake. Angeisamehe vipi? Hukumu yako iko palepale, mwanangu."

Akamweleza la kufanya. Achukue nakala ya hukumu, na karatasi inayoonyesha kwamba kifungo kilikwisha. Aiombe mahakama imrudishie sifa njema, yaani ifute hukumu ile, kwa kuwa miaka inayotakiwa imepita naye hajakosa tena. Ila kwanza aiandikie kamati ukweli wote. Nayef akauliza kama si afadhali anyamaze hadi hukumu ifutwe, kisha aseme alisahau.

"Uongo wa kwanza ulikuwa ujinga," Mama Laith akajibu. "Wa pili utakuzika."

Nayef aliiandika barua ya kamati mara nne. Kila alipomtaja Mikhlid kuwa mchokozi, Mama Laith alikata maneno hayo kwa mstari. Msimamizi wa wodi aliyemfundisha kazi alimwandikia barua ya tabia. Akapeleka ombi lake mahakamani, nayo mahakama ilichukua muda wake, mwezi wa tano ukakaribia kwisha, na usingizi ukampaa. Hata hivyo alikwenda kituoni mwenyewe, akawaambia yote, akaomba wamngoje. Wakamwongezea mwezi mmoja, si zaidi. Siku tisa kabla haujakwisha, mahakama ilimrudishia sifa njema, na kamati ikamwita.

Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, alimuuliza kwa nini wamkabidhi wagonjwa.

"Nilimvunja mtu taya, nikafungwa," Nayef akasema. "Fomu niliijaza nikidhani sulhu inafuta hukumu. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza."

"Kosa la ujanani tungelipima," mwenyekiti akasema. "Kilichokaribia kukunyima leseni ni ile 'Hapana' yako."

Wakampa leseni, pamoja na onyo la maandishi. Jumapili iliyofuata alianza kazi kituoni, na mama yake akapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ijumaa ya juma hilo, mbele ya wanaume wa ukoo waliokusanyika, Mzee Farhan alisimama.

"Mimi ndiye niliyemwambia mwanangu kwamba limekwisha," akasema. "Nilikosea. Sisi hupatanisha watu. Hukumu huondolewa na mahakama. Mwenye mtoto aliyewahi kuhukumiwa, naye anataka kazi ya hospitali, amlete kwangu kesho. Nitampeleka mwenyewe kwa Mama Laith."

Wengine walitazama viatu vyao. Kesho yake asubuhi, akina baba watatu walikuwa wakingoja mlangoni pake, kila mmoja na mwanawe.