Nywele Zangu Ndani ya Mkebe wa Kimbo

Nilifungua mkebe wa Kimbo nikitafuta mafuta ya kukaangia, nikakuta nywele zangu.

Zangu, jamani. Nazijua! Ncha zilikuwa nyekundu tangu dawa ya kunyoosha iliponiunguza mwezi wa tatu. Zilikuwa zimefungwa vishungi vishungi kwa uzi mweusi.

Na mkebe ulikuwa chini ya kitanda cha Rispa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana...

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, Kariobangi, ploti ya vyumba kumi na mfereji mmoja. Mimi naitwa Wacuka. Rispa alikuwa mlango wa pili. Kila Jumapili baada ya kanisa alinikalisha uani akanitibu nywele kwa vitu vya jikoni.

Parachichi lililoiva hadi kulegea, analiponda kwa uma na viini viwili vya mayai. Ananipaka, ananivisha karatasi ya mkate kichwani, taulo juu. Kusuuza ni maji baridi tu. Siku ya kwanza nilitumia ya moto, yai likaiva kichwani, tukacheka mpaka majirani wakatoka nje.

Halafu kitunguu. Alikikuna, akakikamua kwa kitambaa, akanisugua maji yake kisogoni. Kisogoni tu. Nikilalamika kwamba nanuka kama mchuzi, ananiambia, "Nyamaza, bibi arusi. Utanishukuru."

Nywele zilizobaki kwenye kitana alizikusanya zote. Sisi tulilelewa hivyo, nywele zako hazitupwi ovyo, mtu asije akaziokota akakuharibia maisha. Rispa aliniambia anazichoma kwenye jiko.

Nilimwamini.

Sasa nifikirieni, wiki moja kabla ya harusi, nimeshika ule mkebe. Rispa yuko mferejini anafua, na ni yeye mwenyewe aliyenituma niingie nichukue mafuta. Ule wa mezani ulikuwa mtupu, nikaona huu chini ya kitanda.

Nilitoka nao uani. Siku hiyo mama yake Mbuthia, mchumba wangu, alikuwa amekuja na kina mama wa kanisa kupanga mambo ya harusi. Nikazimwaga nywele mbele yao wote, miguuni pa Rispa.

"Hizi ni za nini?"

Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. Akaniangalia. Akamwangalia mama mkwe wangu.

"Rispa, unaniroga?"

"Wacuka, twende ndani nikuambie."

"Sema hapa hapa. Wote wasikie."

Hakusema. Wakamzunguka, wakamtukana, naye kimya. Mama mkwe akasema kimya hicho kinatosha. Kufikia jioni mwenye ploti alikuwa amemwambia ahame.

Asubuhi alipita mlangoni kwangu na godoro lake kichwani. Akanisalimia. Nikatema mate chini.

Ijumaa, kesho ikiwa harusi, nikaenda kwa Mbeti, msusi wa karibu na soko. Akaanza kufumua misuko ya uzi aliyonisuka Rispa wiki mbili nyuma. Alipofika kisogoni akaacha kufumua.

"Nani alikusuka hapa?"

"Kwa nini?"

Akachukua mkono wangu, akaupeleka nyuma...

Ngozi tupu, pale pale dawa iliponiunguza. Laini, upana wa kisahani cha kikombe.

Nilikuwa na kioo kimoja kidogo cha kujiangalia uso. Kisogo changu nilikuwa sijawahi kukiona. Misuko yote ya pale nyuma ilikuwa nywele zangu zilizokatika, zimefungwa kwa uzi kwenye nywele za pembeni, moja moja, ili nisijue na mtu asione.

"Huyu mtu anakupenda," Mbeti akasema. "Na amekuwa akikupaka kitunguu, sindiyo? Kuna vinywele vimeanza kumea."

Vile vishungi vya mkebeni vilikuwa vya kunifunika kisogo siku ya harusi yangu. Nami nilishavichoma siku ile ile nilipovimwaga uani, kwa mkono wangu.

Nilikimbia hadi Muthurwa, kwenye nyumba za reli, kwa Obura, kaka yake Rispa. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha. Akasema Rispa alipanda gari moshi la Kisumu jana yake.

Niliolewa nikiwa nimefunga kitambaa kichwani. Niliandika barua tatu. Hakuna iliyojibiwa.

Nywele zilimea zote. Leo nina wajukuu, na kisogo changu kina nywele nyingi kuliko utosi. Kila nikizichana, moyo unaniuma upya.

Kwa sababu nilichelewa kuelewa kimya chake. Sentensi moja tu ingemwokoa: "Wacuka ana upara, nilikuwa namfichia." Lakini mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale. Rispa alimtazama, akachagua kuitwa mchawi yeye, ili mimi nisichekwe.

Rispa, kama upo na kuna mtu anakusomea hii, nisamehe dada yangu.

Na nyinyi mnaosoma, ukikuta kitu chako kwa rafiki yako, muulize mkiwa wawili. Akikuambia twende ndani, tafadhali, ingia.