Ufunguo Uliobaki Ndani

Jumanne ile asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la mafundi ilijaa watu waliopakata kompyuta kama wazazi waliopakata watoto wenye homa. Jana yake ilikuja apdeti, ile inayojiingiza bila hodi, na nusu ya mashine za mji zikawa zinawaka, zinaonyesha kiduara kinachozunguka, zinazima, zinawaka tena. Mwalimu mmoja alikuwa ameiviringisha yake kwenye taulo. Bwana mwenye tai alikuwa anaipigapiga mgongoni taratibu, kama anasubiri icheue.

Kwenye meza ya kona alikaa fundi mrefu mwenye shati la mistari, mikono imekunjwa, bisibisi imepachikwa sikioni. Jengo zima walimwita Zima-Washa, maana swali lake la kwanza kwa kila mteja lilikuwa hilo: umejaribu kuizima na kuiwasha?

Dada mmoja akajipenyeza mpaka mbele. Sketi ya bluu, blauzi nyeupe yenye nembo ya kliniki ya meno alikokuwa karani wa mapokezi, na kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele, ameisahau humo.

"Kaka," alisema kabla hajaulizwa, "nimeizima na kuiwasha mara tisa. Ukiniuliza tena nakuzima wewe."

Watu wakacheka. Fundi akainua macho kwa mara ya kwanza tangu afungue.

"Nizime tu, dada yangu. Mradi unajua pa kuniwashia."

Wakacheka zaidi, ila dada hakucheka. Akaweka mashine mezani na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba humo ndani yumo baba yake.

Baba yake alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni kwa miaka thelathini na miwili. Walimwita Spika. Sauti yake ndiyo iliyowaamsha waliosinzia kwenye mabenchi na kuwakimbiza waliochelewa na masanduku yao. Sasa kooni kulikuwa na uvimbe, na madaktari walishasema wazi: baada ya miezi miwili watakata, na wakikata, sauti inaondoka yote. Kwa hiyo kila jioni binti alimkalisha na kumrekodi. Visa vya stesheni, majina ya wajukuu akiwaita mmoja mmoja, hata nasaha za harusi ya huyu binti mwenyewe, ambayo bwana harusi wake hajapatikana. Simu yake ilikuwa ndogo, ikijaa anahamishia kwenye kompyuta na kufuta.

Fundi akaacha mzaha. Ilimchukua saa nzima kuiondoa apdeti ile, na mashine ilipoamka alifungua rekodi moja kuhakikisha. Sauti nzito ikatoka, imetulia, kila neno limepigwa pasi: "Abiria, huyu anayewarekodi ni binti yangu, na chakula amekiunguza." Foleni nzima ikageuka. Bwana wa tai akaacha kuibembeleza mashine yake.

Ndipo fundi akafanya wema. Alimwambia dada kwamba atamfungia diski kwa kufuli la siri, mwizi akiichukua asiweze kumsikiliza mzee. Kufuli la namna hiyo lina ufunguo wake, tarakimu arobaini na nane. Printa yake ilikuwa imeishiwa wino, kwa hiyo ule ufunguo aliuhifadhi kwenye mashine ileile, akinuia kuuhamishia kwenye flashi dakika hiyohiyo. Dakika hiyohiyo dada akainama kutazama skrini, nywele zinanukia sabuni, akauliza kama kweli baba yake ni mzima humo ndani. Nyuma watu wanaita fundi, fundi. Akasema ni mzima. Akafunga kifuniko. Flashi ikabaki mezani, tupu.

Alikuwa amefunga nyumba na kuacha ufunguo mezani, ndani. Na kwa kuwa mashine ilikuwa inajifungulia yenyewe kila ikiwashwa, hakuna aliyejua.

Namba ya simu aliomba kwa ajili ya kufuatilia hali ya mgonjwa. Akaifuatilia kweli. Alipiga mchana, muda dada anapokula kwenye benchi nyuma ya kliniki, kumwuliza kama apdeti imemsumbua, na dada anajibu kwamba imekuja na yeye amebonyeza Baadaye, kama kila siku.

"Na mimi je, Bibi Baadaye? Na mimi utanibonyeza hivyo mpaka lini?"

"Wewe hujaniletea hata ujumbe wa kubonyeza. Unazunguka tu kama kile kiduara."

Wiki ya tatu alikwenda nyumbani kwao, viatu vimeng'arishwa. Mzee Spika alimkagua toka juu mpaka chini na kutangaza, kwa koo lile lililoanza kukwaruza, kwamba kijana huyu amefika kwa wakati ila mzigo wake haujulikani. Wiki ya tano dada alishaacha kumwita kaka. Alikuwa anamwita Zima wangu.

Jumamosi ya wiki ya saba rekodi zilifika sitini na moja. Upasuaji ulibaki siku tisa. Dada alitoka kufuata dawa, mzee amelala chumbani, na fundi amebaki sebuleni na kompyuta iko wazi mbele yake. Ujumbe ukatokea: sasisha sasa, au baadaye. Yeye alikuwa anajua kwamba apdeti mpya imerekebishwa. Alishaipitisha kwenye mashine kumi na moja dukani bila tatizo. Mpenzi wake alikuwa anaikimbia wiki zote hizo kwa woga tu. Akaona ampe zawadi ya kumwondolea woga. Akabonyeza.

Mashine ikazima, ikawaka, ikaja na ukurasa wa bluu usio na kiduara. Apdeti ilikuwa imelishtua kufuli, na sasa liliomba zile tarakimu arobaini na nane.

Alikumbuka papo hapo. Alikumbuka mpaka harufu ya sabuni.

Dada aliporudi na mfuko wa dawa alikuta ameshika paji la uso.

"Imekuwaje?"

"Diski imepata mshtuko kidogo. Niachie wiki moja. Nitarudisha zote."

Dada alikaa chini taratibu. Akatazama mlango wa chumba cha baba yake, akahesabu siku kwa vidole. Kisha akauliza kitu kimoja, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Nianze kumrekodi upya? Leo bado anaweza."

Na fundi, ambaye alijua koo linavyomwuma mzee, na alijua zaidi kosa lake mwenyewe, alisema, "Ya nini kumchosha? Si nimekwambia nitarudisha."

Alipekua flashi zote dukani, droo zote, barua pepe zote. Alipiga simu kwa waliotengeneza kufuli, akasubirishwa na muziki, halafu kijana mwenye adabu sana akamwambia kwamba bila ufunguo hata wao hawana la kufanya. Hiyo ilikuwa Jumanne. Zilibaki siku sita. Dada wa meza ya jirani, fundi wa simu, alimwona ameinamisha kichwa, akamwuliza, naye akamwambia ukweli: haifunguki. Kumwambia huyo ilikuwa rahisi, hakuwa anampenda.

Kila jioni simu iliita.

"Zima wangu, vipi?"

"Inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

"Inakwenda vizuri. Mpe mzee pole."

Na mzee, aliyeambiwa asijichoshe kwa kuwa kila kitu kinarudi, alipunguza maneno siku zile sita, anatunza koo kwa ajili ya madaktari. Jumatatu wakamkata.

Aliporudi nyumbani alikuwa na tundu shingoni na daftari mkononi. Ukurasa wa kwanza aliandika: Mama yenu angekuwepo angefurahi, hatimaye nimenyamaza. Binti alicheka mpaka akatoka nje. Siku ya pili yake akaenda kuifuata kompyuta bila kupiga simu. Fundi hayupo, kaenda kununua vifaa. Dada wa meza ya jirani akamkabidhi mashine na kumpa pole.

"Ila alipambana nayo, usimlaumu. Tangu Jumanne ile alivyojua haifunguki, hata chakula hali vizuri."

"Jumanne ipi?"

Fundi alimkuta kwenye ngazi, mashine kifuani. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha.

"Jumanne baba yangu alikuwa anaongea," alisema dada. "Jumatano alikuwa anaongea. Jumamosi aliniita kwa jina, akaniomba maji. Mimi nikamwambia anyamaze, apumzike."

"Nilitaka usiumie."

"Hukutaka nikuone mjinga. Ungekuwa mjinga tu, ningekusamehe kwenye ngazi hizihizi."

Akateremka. Fundi alipiga simu siku arobaini na tatu mfululizo, na haikupokelewa. Alibadilika. Wateja walisema ameacha kuuliza lile swali lake. Sasa aliwauliza kama wana nakala, na asiye nayo hamgusii mashine mpaka waitengeneze pamoja.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji mzee Spika alifariki. Madaftari yake yalikuwa manne, mwandiko mzuri, vichekesho tele, ila karatasi haina koo. Fundi alikwenda kuzika, akasimama nyuma kabisa, na hakuna aliyemfukuza.

Wiki sita baadaye simu yake iliita, adhuhuri.

"Fundi. Njoo nyumbani. Nina swali moja."

Fundi. Siyo Zima. Alikwenda na shati lilelile la kazini. Dada alikuwa amevaa gauni jeusi lililomzidi. Kamba za shingo zilionekana. Kompyuta ilikuwa mezani, imepanguswa vumbi. Alieleza bila kumtazama kwamba amempelekea fundi mwingine, wa mji wa pili, na huyo amemwambia asikate tamaa: aitunze, teknolojia inakua, pengine miaka kumi ijayo itafunguliwa. Tangu siku hiyo anailaza kabatini kati ya nguo za baba yake. Kila asubuhi anaikagua.

"Swali langu ni hilo. Wewe ndiye uliyelifunga hilo kufuli. Itafunguka?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, pengine, lingemletea chai, kiti, jioni nyingine, na sababu ya kuja kila mwezi kuikagua mashine pamoja naye. Aliliona neno hilo limekaa kwenye ulimi wake, tayari, tamu. Mikono ya dada ilikuwa imeshika ukingo wa meza.

"Hapana," alisema fundi. "Haitafunguka. Si mwaka huu, si miaka kumi. Yule amekuonea huruma. Sauti ya mzee imepotea, na niliyeipoteza ni mimi, mara mbili. Mara ya kwanza kwa kusahau. Ya pili kwa zile siku sita."

Dada alilia, sasa. Alilia kwa sauti, kichwa juu ya kifuniko cha ile mashine, na fundi hakumgusa wala hakusema pole. Alisimama tu palepale katikati ya sebule, mikono inaning'inia, akisubiri kufukuzwa.

Majirani walishaanza kupika ndipo dada alipoinua uso. Akajifuta kwa mkono wa gauni. Akausogeza mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha pili, akauweka chini.

"Kaa," alisema. "Nihadithie ile rekodi ya baba uliyoisikia dukani. Neno kwa neno. Na usipokumbuka mahali, useme hukumbuki."