Sekunde Nne za Profesa

Jirani wa ghorofa ya chini anaapa kwamba saa sita mchana wanaume sita walipanda ngazi, mlango ukapasuliwa kwa baruti, na mmoja akaingilia dirishani kama paka. Anasimulia ameshika kiuno. Ukimsikiliza utaamini.

Uongo mtupu.

Aliyepanda ni mwanamke mmoja, jina lake la kazi Koleo, bastola ya Glock kiunoni, mkoba wa ufundi begani. Alibisha hodi. Akafunguliwa.

Punde si punde Profesa, mtaalamu wa mitambo wa genge la magendo ya silaha, alikuwa sakafuni, amefungwa pingu kwenye bomba la maji.

"Kumbe ni yule fundi simu wa ng'ambo ya barabara," alisema huku akicheka. "Wamekosa watu wa kutuma?"

Koleo alikuwa akitazama kisanduku cha chuma mezani. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu yenye picha za makontena ya bunduki na sura za walioyapitisha. Bila kadi hiyo, kaka yake, mkaguzi wa forodha aliyesingiziwa, angezeekea jela.

"Ufunguo uko mfukoni mwangu, dada. Chukua, usione haya. Betri iko ndani, waya uko ndani. Ukifungua tu, prosesa, ubongo wa mtambo, inashtuka, kadi inakuwa majivu."

Redio yake ya Motorola ilikwaruza; ni wenzake waliokuwa wakimvizia mkuu wa genge. "Koleo. Hotelini wako watatu. Hatujui Mkubwa ni yupi."

"Tegeni masikio kwenye simu zao. Dakika moja."

Wiki tatu Koleo alikuwa amemtazama bwana huyu kwa darubini, jinsi alivyoujaribu mtambo wake. Kisanduku kikifunguka, prosesa hugutushwa: acha kila kitu, kuna dharura. Iliyopangwa na mwenye akili ingechoma kwanza, maneno baadaye. Hata mpishi wa shule anajua. Moto ukishika pazia unamwaga maji, huanzi kuita ukoo mzima.

Lakini Profesa alipenda sifa.

Prosesa yake iliandika kwanza kwenye kioo, MWIZI UMENASWA. Ikapiga king'ora. Ikamtumia Mkubwa ujumbe. Ndipo ikakumbuka kuwasha waya wa moto. Yote hayo ameyapanga foleni moja, ndani ya dharura ileile, kama bibi harusi anayejipamba nyumba ikiungua.

Sekunde nne. Koleo alizipima mara kumi na moja, hazikupungua hata mara moja. Kwa prosesa, huo ni uzee.

Alizungusha ufunguo.

Moja. Maandishi.

Mbili. King'ora. Mkono wake ulikwishazama ndani.

Tatu. Ujumbe ukaenda. Akakata waya wa moto.

Nne. Kisanduku kikatoa mlio mdogo, "ta". Basi.

Hakuna moshi.

"Koleo, simu imelia. Ya mwenye suti ya kijivu."

"Ndiye. Mchukueni. Na huku juu kuna mmoja wa kubebwa."

Profesa alikitazama kisanduku. Kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni.

"Sikiliza, dada. Jela nitaenda, sina neno. Ila miaka ishirini nafanya kazi hii." Alikiashiria kisanduku kwa kidevu. "Ungekuwa wewe, ungeipanga vipi? Niambie hilo tu."

Koleo alitia kadi kwenye pochi, akafunga zipu. Akajifuta vumbi la magoti, akatoka, akashuka ngazi bila haraka.

"Dada! Niambie, tafadhali."

Alipofika ghorofa ya pili bado alikuwa akimsikia.