Msikilizaji wa Makambako

Benchi lilikuwa na joto.

Laurenti alilikalia asubuhi moja ya Juni, baridi imekaza mpaka mbwa wa sokoni wanalala juu ya majivu, na papo hapo akainuka. Yeye ndiye alikuwa ametoka kufungua mlango. Kufuli lilikuwa zima, dirisha lina komeo, na ukungu ulikuwa umemtangulia ndani kwa kupitia chini ya mlango. Aliweka kiganja juu ya ubao. Joto lilikuwa mahali pamoja tu, upana wa mtu mmoja aliyekaa kwa muda mrefu. Hewa ya chumba ilinuka nywele zilizobabuka motoni.

Mtu wa hofu angetoka. Laurenti hakuwa mtu wa hofu, alikuwa mtu wa wivu, na mwenye wivu akikuta kiti kina joto haulizi ni jini gani, huuliza ni mwanamume gani. Funguo za chumba kile zilikuwa mbili. Mmoja alitembea nao mfukoni. Wa pili ulining'inia nyumbani, msumarini, juu ya kichwa cha mkewe.

Chumba chenyewe kilikuwa cha kusomea, nyuma ya duka la Bwana Jivan, Mhindi aliyeuza mablanketi na majembe pale njia panda. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Serikali ilitoa kabati la vitabu, Bwana Jivan akatoa chumba, na Laurenti, kijana wa misheni ya Kikatoliki upande wa Njombe, akapewa kazi ya kuazimisha. Kuazimisha kila mtu anaweza. Sifa yake ilikuwa kumchagulia mtu kitabu. Watu waliingia kukwepa upepo wakatoka na hadithi kwapani, hawajui wamerogwa saa ngapi.

Hakusema kitabu ni kizuri. Alikisimulia. Tarsis, dereva wa lori la Ludewa, alipenda mambo ya upelelezi, basi Laurenti alimsimulia juu ya karani aliyekutwa amekufa ndani ya pipa la mafuta, ufunguo umo kinywani mwake. Emilia, muuguzi wa hospitali ya Ilembula, alikuwa wa mapenzi. Kwake alitoa binti aliyeposwa na ndugu wawili siku moja, naye moyo wake uko kwa wa tatu. Kwa wenye roho ngumu alikuwa na mama aliyepika chungu kisichochemka, na kitu kinapumua chini ya maji. Hadithi ilipofika pale koo linapokauka, alinyamaza, akamkabidhi mtu kitabu, akasema, "Mengine yamo humo."

Siri yake ni kwamba hata yeye hakuyajua hayo mengine. Kabati lilikuwa kubwa na sifa ilikuwa tamu, kwa hiyo kila kitabu alikisoma mpaka katikati tu, akaenda kingine.

Na kabla ya kukipeleka kwa wateja, alikijaribu kwa Dorika.

Dorika alikuwa Mlutheri wa kijiji cha Kichiwa, na ndugu wa pande zote mbili walikuwa bado hawajameza ndoa ile. Laurenti alimwoa kwa ajili ya sauti. Alipita nje ya kanisa lao siku moja, kwaya inaimba, akasikia sauti moja imebeba nyingine zote kama mama abebavyo mtoto mgongoni, na hakwenda tena alikokuwa akienda. Tangu waoane, kila jioni aliketi naye jikoni kumsimulia mianzo ya vitabu, na kila jioni Dorika aliuliza, "Halafu?"

"Halafu kimeazimwa," Laurenti alimjibu, akacheka.

"Kwetu hadithi haiachwi wazi mbele ya moto," Dorika alimwambia mara nyingi. "Mgeni akibisha hodi katikati, msimulizi huifunga kwanza. Husema, hadithi imerudi porini, nyumba ni yetu. Usipoifunga, wapo wanaosikiliza ambao hatuwahesabu. Watakaa kungoja mwisho."

"Na wewe na msalaba wako shingoni unayaamini hayo?"

"Siyaamini. Nayafuata tu."

Laurenti hakuyafuata. Mambo ya kizamani, alisema.

Sasa benchi lilikuwa na joto, na siku zilizofuata lilikuwa na joto tena. Odilo, fundi cherehani wa barazani kwa Jivan, ndiye aliyemwaga mafuta motoni. Alimwita pembeni, sindano mdomoni, akasema kwa sauti ya chini, "Bwana Laurenti, mimi si mtu wa maneno."

Wote wasemao hivyo ni watu wa maneno.

"Ukienda kula mchana, shemeji anakuwa humo ndani. Nasikia anasimulia. Sauti yake naijua, nani Makambako haijui? Lakini simsikii anayesimuliwa. Huyo anapumua tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, Laurenti alijisemea, na jioni ile alirudi nyumbani. Dorika alikuwa akisonga ugali. Alimsalimu, "Kamwene," na sauti ilitoka imekwaruza.

"Umepatwa na nini kooni?"

"Sijui. Siku ya tatu sasa. Jana kwaya wameimba bila mimi."

"Labda umesema sana mchana."

"Na nani? Nimeshinda shambani."

Laurenti alimtazama mikono. Udongo ulikuwepo kwenye kucha, lakini udongo mtu anaweza kujipaka. Ndivyo alivyofikiri, na aliona aibu kidogo kufikiri hivyo, ila hakuacha. Hata ule mkwaruzo aliutilia shaka. Dorika alipokwenda Ilembula, Emilia akamtazama koo kwa taa na kusema ni safi kama la mtoto, Laurenti alihesabu kuwa huo ndio ushahidi: si ugonjwa, ni maneno ya mchana.

Akatega mtego. Alitangaza sokoni kwamba anakwenda Njombe kuchukua vitabu, akapanda lori la Tarsis mchana kweupe huku Dorika akimpungia mkono, na walipofika kwenye miti ya miwati nje ya mji aliteremka. Tarsis hakuuliza sana. Alisema tu, akiwa ameshika usukani, "Kile kitabu cha karani nakurudishia sasa hivi, bwana. Sitaki kukimaliza. Kila nikikifungua, pembeni yangu kuna mtu anasema endelea."

Laurenti alirudi kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana ule hata duka la Jivan halionekani mpaka uliguse, na alipofika nyuma ya chumba aliegemeza sikio kwenye ubao wa dirisha na kumsikia mke wake.

Ilikuwa sauti ya Dorika, nzima, bila mkwaruzo wowote, ile ya kanisani. Ilisimulia habari za karani ndani ya pipa, kwa maneno yaleyale ya Laurenti, hata kile kituo chake kidogo kabla ya ufunguo. Ilipofika kwenye ufunguo ikakatika, ikavuta pumzi, ikaanza habari za binti na ndugu wawili, ikakatika, ikaingia kwenye chungu kisichochemka, ikakatika, kisha ikarudi kwa karani, upesi zaidi, kama mtu anayezunguka nyumba akijaribu kila mlango na kila mlango umefungwa. Harufu ya nywele zilizobabuka ilipenya kwenye nyufa za ubao. Laurenti akazunguka, akafungua kufuli, akausukuma mlango akiwa na ngumi tayari kwa ajili ya mwanamume.

Hapakuwa na mwanamume. Hapakuwa na Dorika. Palikuwa na benchi, na ubao wake umebonyea katikati, na juu ya ule mbonyeo hapakuwa na kitu chochote. Sauti ikanyamaza. Ubao ukalia polepole, kama liliavyo benchi mtu anapojigeuza kumtazama aliyeingia.

"Halafu?" ikasema sauti ya mkewe.

Alikimbia hadi nyumbani, viatu vikamtoka njiani, hakuvirudia, na alipoingia jikoni alimkuta Dorika ameketi na wanawake wawili wa jirani wanapukuchua mahindi, tangu lori lilipoondoka, wakamwambia baadaye. Dorika aliinua uso kumuuliza kulikoni. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka hata kidogo.

Laurenti alipiga magoti mbele ya wale wanawake, akalia. Aliomba radhi kwa mambo ambayo Dorika hakujua hata kuwa alishukiwa nayo. Majirani walipoondoka akamweleza yote, na Dorika alisikiliza mkono umeshika koo. Kisha akachora kwa kijiti kwenye majivu ya jiko neno moja: MWISHO.

Hivyo ndivyo walivyokwenda siku iliyofuata, mchana, wote wawili, wakaketi sakafuni mbele ya benchi, na Laurenti kwa mara ya kwanza maishani akasoma vitabu mpaka ukurasa wa mwisho. Alianza na cha Tarsis. Ilipojulikana nani alimtia karani pipani, benchi lililia, na Dorika akakohoa, akasema, kwa sauti nyembamba sana, "Laurenti." Walishikana mikono kwa furaha. Akasoma cha Emilia mpaka binti akaolewa na yule wa tatu. Akasoma cha chungu mpaka maji yakamwagwa. Kila mwisho ulirudisha sauti kidogo, mpaka Dorika akawa anasema kwa mnong'ono kama mtu aliyeamka kutoka homani.

Lakini benchi lilibaki limebonyea.

"Kuna kingine," Dorika alinong'ona. "Kile cha Bwana Jivan."

Laurenti alikuwa amekisahau. Kilikuwa kitabu cha habari za miungu ya Kihindi, ndugu mmoja wa Jivan alikitafsiri na kukiandika kwa mkono, nacho hakikuazimishwa ila kwa mtu aliyeaminiwa sana. Mwanzo wake Laurenti aliusimulia jikoni mwezi wa tano: miungu na mapepo wameshika nyoka mmoja, hawa kichwani, hawa mkiani, wanaikoroga bahari kutafuta kinywaji cha uzima, na bahari imeanza kutoa sumu. Hapo aliishia.

Walikimbilia dukani. Bwana Jivan aliwatazama wote wawili, akaacha kukunja blanketi.

"Mwisho?" aliuliza. "Bwana Laurenti, hiyo haina mwisho. Wanakipata kinywaji, wanapigana, dunia inazeeka, maji yanaifunika, halafu inaanza upya, na bahari inakorogwa tena. Mama yangu alisoma ukurasa wa mwisho na wa kwanza siku moja. Hakuna mahali pa kufunga."

"Lazima pawepo."

"Kwa nini lazima? Kwetu hadithi hiyo haimtishi mtu. Ni ninyi mmeiacha imesimama."

Walirudi chumbani, kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Laurenti akasoma hata hivyo, akasoma mpaka jioni ikaanza kuingia, dunia ikazeeka, maji yakaifunika, na alipofika mwisho wa ukurasa wa mwisho kitu kilichoketi juu ya benchi kikasema, "Halafu?" na koo la Dorika likafunga palepale. Akaanza upya. Bahari ikakorogwa. Alipochoka ulimi ukamteleza, akanyamaza, na ndipo ile sauti, tamu kuliko alivyopata kuisikia hata kanisani, ikaanza kumwita kwa jina, taratibu, jinsi mwanamke anavyomwita mumewe aje kulala, ikimwambia asogee, aketi karibu, hapa hapa, benchi lina joto. Na Laurenti, ambaye mkewe alikuwa ameketi ubavuni pake akimvuta shati kwa mikono yote miwili, aliinuka akaelekea benchini.

Dorika aliona uso wake. Alijua pia kile ambacho kila mtoto wa Kichiwa anakijua: kwamba hadithi unaweza kuifunga hata kabla haijaisha, lakini mgeni akitolewa hivyo hutoka na alichokwisha kushika. Hakungoja. Alijikaza akakusanya pumzi ya mwisho iliyosalia kifuani, na kwa mnong'ono uliompasua koo akasema, "Hadithi imerudi porini. Nyumba ni yetu."

Upepo ukapita chumbani. Mlango ukafunguka kwa kishindo, ubao wa benchi ukanyooka, na huko nje Odilo aliacha cherehani, akasema baadaye kwamba alimsikia shemeji akipita barazani anaimba, hakumwona.

Tangu siku ile Dorika hakusema tena. Benchi lilipoa. Laurenti alisimulia vitabu mpaka mwisho, na wateja walipungua, maana nani aazime anachokijua? Walikaa jikoni jioni bila neno. Dorika alikuwa hai, alicheka kwa macho, aliandika kwenye majivu, na alitosheka. Laurenti ndiye hakutosheka. Alimpenda, lakini alijikuta anamtazama mdomo kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kukaa.

Mwezi wa kumi Tarsis alirudi kutoka Ludewa amepauka. Aliwaambia wote wawili kwamba kwenye zile kona za milimani, penye ukungu, kuna mwanamke anasimulia kando ya barabara. Haonekani. Madereva wawili wameshuka kumsikiliza; malori yao yamekutwa, injini zinanguruma, wenyewe hawamo.

"Sauti yake ikoje?" Laurenti aliuliza.

Tarsis akamtazama Dorika, akatazama chini.

Laurenti hakuaga. Asubuhi Tarsis alipowasha lori, alikuta mtu amekwisha kukaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, amevaa koti lake la Jumapili. Alisema anakwenda kusikia mara moja tu, kisha atarudi. Dorika alikuja mbio kutoka nyumbani, kanga imemwanguka mabegani, akashika ubao wa nyuma wa lori kwa mikono miwili. Alikimbia nalo mpaka lilipomshinda. Akasimama katikati ya barabara, akafungua kinywa, akakaza shingo mpaka mishipa ikamtoka, kumwita.

Laurenti hakugeuka. Alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza mbele, ndani ya ukungu, na alipolisikia jina lake likiitwa kutoka huko aligonga paa la kibanda cha dereva kwa viganja, anamhimiza Tarsis aongeze mwendo.