Amna Alipojiita Mgeni

Haya yalimpata rafiki yangu Amna, na mpaka leo akiyasimulia huinamisha kichwa. Alizaliwa Nkowe, kijiji cha wilaya ya Ruangwa, akaondoka angali mdogo. Mwaka jana alirudi kutalii tu na wenzake wa kazini kutoka Dar. Walifikia gesti Ruangwa mjini, na jioni moja wakapanda bodaboda kwenda Nkowe kupiga picha za kijijini.

Walisimama mbele ya nyumba ya marehemu bibi yake, iliyofungwa kufuli tangu msiba. Jirani, Mama Mwamini, aliyekuwa akimbeba Amna mgongoni utotoni, akamkazia macho.

"Mwanangu, wewe si wa hapa? Sura hii naijua."

Wenzake walikuwa wakisikiliza. Amna akaionea haya ile nyumba ya udongo.

"Hapana, mama. Mimi mgeni tu."

Ndani ya nyumba, gizani, ikasikika sauti ya mtu akipepeta mtama kwenye ungo, taratibu. Kisha ungo ukanyamaza, na sauti ya bibi yake, ileile yenye mkwaruzo, ikasema, "Kama ni mgeni, mpe kiti."

Wenzake hawakugeuka, kana kwamba hawakusikia kitu. Mama Mwamini aliuelekea mlango uliofungwa, akaitikia, "Haya, mama," akaenda kuleta kiti.